Kwa vijana mnaowatembeza wageni makaburini Voi

Vijana wangu, hamjambo. Maneno haya ningeweza kuwaambia kikaoni, lakini siku hizi kikaoni kila mtu kainamia simu, na nusu ya ninachosema huishia hewani. Nimeandika basi, na barua nimeiacha wazi ili hata wazazi wenu waisome.

Nasikia mnavutana juu ya kaburi la Luteni Dartnell. Wapo wanaotaka liwe ndiyo shabaha ya safari nzima, maana Waaustralia na Waingereza wakifika pale hutoa pesa bila kunung'unika. Wapo wanaosema mkoloni ni mkoloni, na Mtaita hana deni la kung'oa hata jani moja kwenye kaburi la askari wa mfalme wa Uingereza. Nimewasikiliza wote. Naona wa huku na wa kule hamjamsoma huyo marehemu.

Na kuna mmoja wenu, jina lake namhifadhia, niliyemsikia akimwambia mgeni kwamba Dartnell aliliwa na simba wa Tsavo. Simba wale walipigwa risasi mwaka 1898, na Dartnell kafa 1915. Mgeni aliyetoka Melbourne kuja kuliona kaburi lile anazijua tarehe zake kuliko wewe. Alikutazama tu akanyamaza kwa adabu.

Haya, sikilizeni. William Thomas Dartnell alizaliwa Melbourne mwaka 1885. Mkimkuta kwingine ameandikwa Wilbur Taylor Dartnell msibishane na mgeni, ni mtu yule yule. Aliwahi kuwa mwigizaji wa jukwaani, akahamia Afrika Kusini, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza akaingia batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza. Kikosi hicho kilikuwa kioja. Kilijaa wawindaji, watembezi wa dunia, na wazee waliokataa kuzeeka. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, alikuwamo akiwa na miaka 63.

Waliletwa huku kwetu kwa sababu ya reli. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na tangu hapo wakawa wanatuma vikundi vidogo kuvuka nyika na kuilipua reli ya Mombasa kwa baruti. Waingereza wakaona bora wajenge reli nyingine ya vita, kutoka Voi kuelekea Taveta. Katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau, na kambi kubwa ikapigwa hapo. Tarehe 3 Septemba kikosi kimoja cha kambi hiyo kilipambana na adui karibu na Maktau, wakafikiana hatua chache tu. Majeruhi wenye hali mbaya hawakubebeka. Dartnell alikuwa na jeraha la mguu, na wenzake walikuwa tayari wanamwondoa. Akashikilia aachwe na wale wasioweza kubebwa, akitumaini uwepo wake utawaokoa. Haukuwaokoa. Alikufa yeye pia.

Tangazo la nishani yake, Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, lilitoka tarehe 23 Desemba 1915. Hapo ndipo penye mfupa. Linasema Dartnell alijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Najua mnavyofanya mkifika kwenye sentensi hiyo, maana nimesimama nyuma yenu nikisikiliza. Wengine mnairuka, wengine mnaisoma haraka haraka huku mnacheka kidogo. Isomeni polepole, yote, kisha mseme ni nani aliyeiandika. Ni jeshi la Uingereza, katikati ya vita, likimzungumzia adui wake. Upande wa pili haukuulizwa. Tena askari hao hawakujiongoza wenyewe. Maofisa wao walikuwa Wajerumani, na katika sentensi ile Mjerumani hatajwi kabisa. Waingereza nao walikuwa na askari weusi wa King's African Rifles (KAR) wakipigana vita hiyo hiyo. Mgeni akiuliza kama ni kweli majeruhi waliuawa, mwambieni hivyo ndivyo ilivyoandikwa na aliyeandika ni huyu. Msimtetee mtu msiyemjua na msimhukumu.

Kwenu mnaosema mkoloni ni mkoloni: sitawalazimisha kulipenda jeshi lile. Mimi silipendi, na nitawaambia sababu hapo chini. Lakini mtu aliyekuwa ameshabebwa kwenda salama, akaomba arudishwe chini alale na wagonjwa, huyo hahitaji kibali cha serikali yoyote ili aheshimiwe. Nani kati yenu hana mama au shangazi aliyekesha na mgonjwa wakati wengine wamekimbia? Palilieni kaburi lake. Nishani yenyewe iko Canberra, huku kwetu kuna mifupa tu, na mifupa ya mgeni hutunzwa.

Kwenu mnaomtaka Dartnell peke yake: mkimwondoa katikati ya watu mtakuwa mnasema uongo bila kutamka neno la uongo. Katika vita yote ya Afrika Mashariki, Victoria Cross zilitolewa nne. Zote walipewa Wazungu, na yeye pekee ndiye aliyefia kwenye tendo lililompa nishani. Askari weusi wa KAR walikuwa na nishani yao ya ushujaa ya DCM (Distinguished Conduct Medal), iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika. Wapagazi je, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, waliobeba unga na risasi vichwani? Kwa upande wa Waingereza walikufa kiasi cha 95,000, wengi kwa kuhara na malaria na njaa, na walio wengi hawana jiwe lolote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilianzishwa kwa ahadi kwamba wafu wote wataenziwa sawasawa. Aprili 2021 ikatoa ripoti ikakiri kwamba haikuwa hivyo: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Semeni hayo pale pale makaburini, bila hasira. Mgeni mwenye akili atawashukuru.

Sasa Kasigau, ule mlima wetu wa Taita, jambo ambalo sijawahi kumsikia hata mmoja wenu akilitaja. Agosti 1915, wiki chache tu kabla Dartnell hajafa, Wajerumani waliishambulia na kuiteka ngome ndogo ya Waingereza pale mlimani. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Wakawakusanya watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, wakawahamishia Malindi. Watu wa mlima wakatupwa kwenye joto la pwani, bila mashamba, na wengi wakafa huko kwa maradhi na njaa. Walionusurika hawakurudi upesi. Ilipita miaka ya 1920 yote, ikaingia ya 1930, ndipo wakakanyaga tena kwao. Hiyo ndiyo sababu niliyosema. Ni jeshi lile lile, wilaya ile ile, na majira yale yale. Mgeni aliyeoneshwa kaburi la Voi asiambiwe habari za Kasigau ameoneshwa nusu ya mwaka 1915, na amelipa bei ya mwaka mzima.

Kwa hiyo ninawaomba mwende Kasigau kabla ya msimu wa wageni. Mchukue gari hadi Rukanga, mpite kwanza kwa chifu mjieleze, msiende kama watu wa kamera. Bebeni sukari na majani ya chai. Waulizeni kina bibi walisikia nini kwa mama zao kuhusu Malindi, nani alikwenda, nani hakurudi. Majina yaandikeni kama yanavyotamkwa kule, msiyanyooshe. Anayeandika vizuri awe mmoja, wengine msikilize. Simu zikae mfukoni mpaka mruhusiwe, na kama bibi hataki kurekodiwa, basi. Daftari mniletee nilisome kabla hamjamsimulia mgeni yeyote, maana baadhi ya koo hizo nazifahamu na nitajua palipochanganywa.

Nauli ya wawili nitaitoa mimi. Wengine mchangishane.

Mzee wenu,
Voi