Mjomba, banio la jua atalishika nani?

Shikamoo mjomba,

Juzi uliniuliza kama ni kweli wapo watu wanaotaka kupunguza jua, simu ikakatika. Nakujibu hapa hadharani, maana wanaouliza hivyo huko Usangu, Mbarali, ni wengi.

Ni kweli, wapo. Mwaka 1991 mlima Pinatubo, kule Ufilipino, ulilipuka ukarusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa hadi anga la juu. Ikageuka vichembe, vikarudisha sehemu ya mwanga wa jua, dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi. Sasa wapo wanasayansi wanaosema ndege zinaweza kufanya kazi hiyo kwa makusudi. Joto litashuka, ila hewa ukaa itabaki palepale, na siku ndege zikisimama ghafla, joto lote lililozuiwa litarudi kwa kasi.

Mimi kinachoninyima usingizi ni mvua. Tafiti zinaonyesha vichembe hivyo vikimwagwa upande wa kaskazini mwa dunia peke yake, ukanda wa Sahel, ule wa kusini mwa jangwa la Sahara, unaweza kukauka. Sisi msimu wetu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukivurugika huo, hatuna mwingine wa kufidia.

Unakumbuka usiku ule mlipotoka na tochi kufuata mfereji mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yanapofunguliwa kuingia mashambani? Mkakuta mtu wa juu amepanga viroba vya mchanga, maji yote yanaingia kwake. Asubuhi yake niliingiza kidole kizima kwenye ufa wa jaruba lako la mpunga. Daftari la zamu za maji mlikuwa nalo, na jina lake lilikuwemo, ndiyo maana mliweza kumwita kikaoni akalipa faini.

Jua halina daftari, mjomba. Upo mkataba wa mwaka 1976 unaokataza kubadili mazingira kwa ajili ya vita, lakini haumgusi anayesema anaiokoa dunia. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa pale Nairobi, Uswisi iliomba jambo hili lichunguzwe tu. Marekani na Saudi Arabia zikapinga. Likarudi hapohapo Nairobi mwaka 2024, likakwama tena. Wakati wanabishana, kampuni moja changa ya Marekani ilikuwa imesharusha maputo ya salfa Mexico bila ruhusa, na Januari 2023 serikali ya huko ikatangaza kupiga marufuku.

Mawaziri wa mazingira wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Agosti 2023, walitaka uwepo mkataba wa dunia wa kutoitumia kabisa teknolojia hii. Nipo nao kwa moyo wote. Ila nataka na wataalamu wetu wa hali ya hewa wapewe fedha waipime mvua ya Nyanda za Juu Kusini wenyewe, tusije tukaenda kikaoni na takwimu za kuazima.

Jumamosi nashuka Mbarali. Naomba uniwekee lile daftari la zamu, nataka kunakili sheria zenu zote, hasa ile ya anayefungua maji bila kuwaambia wa chini.

Msalimie shangazi.