Gari likikohoa, msikimbilie kabureta

Mhariri,

Nina Hiace ya zamani, injini ya 2Y, inayobeba abiria kati ya Mbale na Kapchorwa. Msimu wa mvua uliopita ikaanza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka na injini inakohoa, kila asubuhi yenye ukungu. Jua likitoka, inapona. Fundi wa kwanza akaniuzia plagi nne mpya. Wa pili akafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akaniachia bili na harufu ya petroli.

Usiku mmoja nikainua kiti cha mbele (injini iko chini ya makalio yetu madereva, mtanisamehe), nikazima taa zote, nikawasha injini na kunyunyizia nyaya za plagi maji kidogo. Lo! Cheche za buluu zikaruka kutoka waya wa silinda ya tatu hadi kwenye chuma. Usiziguse, utarushwa. Kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, nacho kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Unyevu ukiingia hapo, umeme unakata njia, haufiki kwenye plagi.

Nilibadilisha kifuniko na nyaya, nikizipanga kwa zamu ya silinda kuwaka, 1-3-4-2, basi.

Mafundi wetu, gari linalomisi asubuhi tu, tazameni nyaya kwanza. Kabureta yangu haikuwakosea kitu.

Dereva wa Hiace,
Mbale