Barua kwa vijana wangu wa Kigoma mnaotaka kuacha kazi

Wanangu na wajukuu zangu mnaofanya kazi madukani, kwenye maghala, kwenye mashirika na maofisini hapa Kigoma, mwakeye. Ni Bibi yenu wa Mwanga naandika, na naandika kwa sababu kila nikikaa na nyie siku hizi maneno ni yale yale, Bibi nimechoka, Bibi naacha kazi.

Jumapili alikuja kijana mmoja hapa barazani bado kavaa fulana ya kazini, hata shikamoo aliitoa nusu, akanipa simu nisome. Ameshamwandikia bosi wake meseji, "kuanzia kesho siji tena na hela yako baki nayo", imebaki kubonyeza tu iende. Nikamwambia weka simu hapo mkekani ule kwanza. Tukala ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akala kimya mpaka akamaliza, alafu nikamuuliza, mwanangu, kinachokuchosha ni nini hasa? Akaanza na mshahara, akaja kwenye masaa, akaja kwenye mizigo, tukazunguka weee mpaka ikatoka yenyewe, kumbe mdogo wake bosi humwita majina ya dharau mbele ya wateja. Kazi ya stoo yenyewe anaipenda, anajua kila boksi liko wapi hata umeme ukikatika.

Sasa hapo ndo nataka mkae kidogo, maana ukisema tu "nimechoka na kazi" unaweza ukaacha kitu kizuri kwa sababu ya mtu mmoja, au ukavumilia kitu kibaya miaka kumi kwa sababu huyo bosi ni mpole. Jiulize, wakiniongeza hela kesho nitafurahi? Wakinihamishia kitengo kingine? Huyo mtu akiondoka je? Kama majibu yote ni hapana basi kazi yenyewe ndo haikufai, anza kutafuta nyingine, hilo halina aibu yoyote.

Mimi nilikosea hapo. Mwaka 1998 nilikuwa naandika hesabu za mauzo kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa mjini, msimamizi akanigombeza mbele ya watu kwa kosa ambalo si langu, nikaweka funguo juu ya kaunta saa sita mchana nikaondoka. Siku 22 nilizofanya mwezi ule sikulipwa, barua ya kuonyesha nimefanya kazi pale sikupata, na kila nilikoenda kuomba wananiuliza ulikuwa wapi, una barua? Nikashuka Kibirizi kufanya biashara ya dagaa nikasema sasa niko huru. Jamani, dagaa ana bosi wake na huyo bosi ni mwezi! Mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi hazivuti samaki, mnakaa siku kadhaa hakuna mtumbwi unaoleta kitu, na giza likirudi mzigo ukaja mwingi inanyesha mvua, dagaa wanalala mchangani wamelowa wanaanza kunuka na hela uliyonunulia ni ya mkopo. Nilijifunza ile biashara na ikanilea watoto, lakini miaka miwili ya kwanza nililia sana, na nilikuja kugundua kwamba nilichokimisi ni lile daftari la hesabu, yani kazi yangu nilikuwa naipenda. Na wanaokwambia ukajiajiri ziwani wakukumbushe pia kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua toka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu nzima, je ungekula nini?

Simaanishi mkae tu. Wazee wenzangu wanawaambia mvumilivu hula mbivu, mimi hilo silisemi kwa kila mtu. Binti unayeshikwa shikwa na bosi, kijana unayelazimishwa kusaini risiti za uongo, nyie ambao mshahara ni mwezi wa tatu haujaingia, ondokeni hapo, ila ondokeni na karatasi zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akifanya mazingira yawe magumu mpaka ukashindwa kukaa, inaweza kuhesabika kwamba yeye ndo kakuachisha, lakini malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa yafike CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, sasa wengi mnakaa nyumbani mnalalamika kwa majirani siku zinapita.

Na kama unaacha kwa hiari, toa notisi ya maandishi. Ukishapita mwezi wa kwanza na unalipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, na ukiondoka una haki ya cheti cha utumishi, kidai. Kabla hujaandika hiyo barua nenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kaangalie kama michango yako kweli imepelekwa, maana kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja na hela kufika kule ni jambo lingine. Na mjue fao la upotevu wa ajira halimhusu aliyeacha mwenyewe, kwa hiyo usije ukaliweka kwenye mahesabu yako. Weka pembeni kodi ya chumba na chakula cha miezi mitatu, tafuta kazi nyingine ukiwa bado unayo hii.

Nyie mliotoka kwenye mashirika ya wakimbizi kule Nyarugusu na Kibondo mradi ukaisha, nawaonea huruma zaidi, kwa sababu mlizoea mshahara ule alafu mkarudi kulipwa wa dukani na kila siku mnaulinganisha. Mwanangu ule mkataba uliisha, usimchukie mwajiri huyu wa sasa kwa deni la yule.

Yule kijana wa Jumapili meseji aliifuta. Jumatatu akamfuata bosi mwenyewe asubuhi kabla duka halijafunguliwa, akamweleza, bosi akasema ataongea na mdogo wake. Tumepeana mpaka mwisho wa mwezi, isipobadilika anaandika notisi na mimi nitakaa naye tuiandike. Na wewe ukitaka njoo, Jumamosi baada ya alasiri nipo hapa barazani, kama una mkataba njoo nao hata kama umekunjika kunjika, tutausoma wote.

Bibi yenu, Mwanga