Gitaa Lako Usiliuze Kwanza

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi hatujambo, na Mama Neema anakusalimu. Niwie radhi kwa ukimya wangu wa miezi mingi. Barua yako niliipata juzi, na imeninyima raha, kwa sababu umeandika kwamba unataka kuliuza gitaa lako ununue la bei kubwa, na kwamba hilo nalo likikushinda utaachana na muziki kabisa, kwa kuwa vidole vyako ni vifupi na umri umekwenda.

Nakuomba usiliuze kwanza. Lichukue, ulilaze mapajani, uhesabu freti, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo, kuanzia kichwani hadi ufike ya 12, kisha upime kwa rula nafasi iliyopo kati ya freti hiyo na sehemu ya chini ya uzi mnene kuliko wote. Kwa gitaa la nyuzi za chuma kama lako, nafasi hiyo kwa kawaida huwa kati ya milimita 2 na 3. Ukikuta 4 au 5, basi utakuwa umeijua sababu ya kodi ya F, yaani ule mkusanyiko wa sauti zinazopigwa pamoja, kukutoa machozi, maana kuzibana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada zikiwa juu kiasi hicho humshinda hata mpigaji mzoefu. Fundi mzuri huinyoosha shingo iliyopinda, akapunguza kidogo kile kipande cha mfupa kilicho darajani, pale nyuzi zinapofungwa usoni mwa gitaa, na gitaa likawa jepesi mkononi. Gitaa la bei kubwa ambalo nyuzi zake zimekaa juu litakuumiza vilevile. Sikatai kwamba fedha hununua kitu: uso wa mbao nzima, usio wa plaiwudi, huwa na sauti nzuri zaidi, lakini haukufundishi kubadilisha kodi.

Kuhusu vidole, inaniuma kusikia kwamba uliambiwa maneno hayo na mtu anayefundisha. Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, aliungua vibaya mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabaki karibu bila kazi, naye akajitafutia njia ya kupiga kwa viwili vilivyobaki, hata akawa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa Ulaya. Wewe unavyo vyote. Ncha zake zitauma kwa wiki kadhaa, kisha ngozi itakuwa ngumu, mradi upige dakika 15 kila siku badala ya kungoja Jumapili ukapiga saa mbili mfululizo.

Na huyo Bakari anayekushauri ununue gitaa la nyuzi za nailoni kisha ulifunge nyuzi za chuma ili lipate sauti kubwa, tafadhali usimsikilize, ingawa najua anakutakia mema. Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya zile za nailoni, na kwa pamoja huweza kupita uzito wa kilo 70. Nililifanya kosa hilo kwa gitaa la marehemu kaka yangu. Asubuhi nililikuta daraja limeinuka nyuma kiasi cha kupitisha karatasi chini yake, na baada ya siku mbili likang'oka pamoja na vipande vya mbao ya usoni. Hadi leo nikiliona hujuta.

Sasa niambie: umepima, na umekuta milimita ngapi? Nyuzi zilizopo zimefungwa tangu lini, na je, zimeshika kutu? Shingo ukiitazama kwa jicho moja kutoka kichwani, imenyooka au imepinda? Unafanya mazoezi saa ngapi, ukiwa umechoka au asubuhi? Yule mnunuzi umeshampa ahadi? Kama bado, mwambie asubiri hadi nikuandikie tena.

Nasubiri vipimo vyako.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura