Msiombe radhi kwa sababu ya maziwa: barua kwa mabinti wa kamera na redio

Binti zangu mnaoshuti, mnaosoma habari na kuandika miswada kuanzia Iringa mpaka Tunduma, kamwene.

Mimi nimestaafu utangazaji, nipo zangu Uyole na bustani ya viazi. Kazi zenu nazitazama kwa mbali. Lakini mwezi wa saba mjukuu wangu alinichukua tukaenda kwenye shuti kule Isimila, bondeni kwenye zile nguzo za mchanga, na nilichokiona kimeninyima usingizi.

Alikuwepo binti wa mwendelezo, yule anayeandika nani alivaa nini na kikombe kilikuwa mkono gani. Ana mtoto wa miezi minne. Kazi ilianza saa 12 asubuhi, na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba mnaijua. Mtoto alikuwa juu, kwenye gari, na dada wa kazi. Mpaka saa 6 mchana hajanyonyeshwa. Nikaona blauzi ya binti imelowa, mabaka mawili, naye akayaziba kwa faili lake akaendelea kuandika. Mtoto alipolia tukamsikia bondeni, binti akanyoosha mkono kwa woga. Prodyuza akamwambia mbele ya watu wote, "Chagua moja, kulea au kazi." Binti akajibu, "Samahani sana, dada. Haitajirudia."

Haitajirudia nini? Mtoto wa miezi minne asinyonye tena?

Na aliyesema hayo ni mwanamke, mama wa watoto watatu. Hapa nawageukia rika langu na wanaotufuata. Tumeteswa, halafu tunaona wanaokuja nyuma wakiteswa kidogo wamedekezwa. Ni roho mbaya, na tuiache.

Mimi mwenyewe mimba ya kwanza niliificha ndani ya sweta na kitenge mpaka mwezi wa saba, nikiogopa kunyang'anywa kipindi. Mtoto alipofikisha wiki tano nikarudi studio, kwa kuwa nilisikia mwenzangu ameshaanza kukizoea kiti changu. Maziwa nikawa nayakamua chooni na kuyamwaga. Kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu yakakauka. Hakuna aliyenifukuza wala kunitukana. Walinyamaza tu, nami nikajaza ule ukimya kwa samahani. Miaka yote hii, nikisikia mtoto mchanga analia kwa njaa, narudi kwenye choo kile.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kabla ya wiki 6 tangu kujifungua harudi kazini, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Na anayenyonyesha ana ruhusa ya hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Kwa hiyo anayeomba kwenda kunyonyesha haombi hisani ya mtu.

Najua mtanijibu, "Bibi, sisi hatujaajiriwa, tunapigiwa simu na kulipwa kwa siku." Ndiyo maana nasema mtoto atajwe siku ile ile mnayokubaliana malipo. Ukingoja asubuhi ya shuti umechelewa. Sema wazi: nanyonyesha kila baada ya saa 3, nahitaji dakika 20, kiti na kivuli, dada wa mtoto apate nafasi kwenye gari na sahani yake ya chakula. Liandike kwenye meseji, usubiri jibu, ulihifadhi. Anayepanga ratiba analipangia jua, jenereta, na hata mwigizaji anayewahi basi la jioni. Dakika 20 zako zitamshinda kwa lipi? Siku ile Isimila nilihesabu mara nne watu wamekaa wanatazama simu, wakingoja kamera ihamishwe. Mara nne! Mtoto angeshiba na picha zisingepotea.

Mengine nayataja kwa haraka. Maziwa uliyokamua yanakaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, na mpaka siku 4 kwenye friji, basi kamua na uyahifadhi. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri, nenda ukaulize mafao ya uzazi kabla hujapata mimba. Kushuti harusi mpaka usiku wa manane kunaweza kungoja mtoto akue. Mshahara wa dada wa kazi ulipwe kwa wakati, kwa sababu ndiye anayekuwezesha kwenda lokesheni. Na baba wa mtoto naye ana mikono.

Yule binti tulipeana namba siku ile. Juzi amenipigia, ameitiwa kazi ya siku sita Tukuyu. Nikamuuliza, umeshamtaja mtoto? Akanyamaza. Nikamwambia akate simu, aandike meseji, halafu anipigie tena. Alichukua nusu saa. Alipopiga alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja: wamekubali, wameuliza kama mvua za Tukuyu zitamfaa mtoto, na kama kuna mtu mzima wa kukaa naye. Nimeshafungasha sweta langu.