Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapenda Santuri, Mbeya

Ndugu wanachama, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama, na vijana mliosimama pale mlangoni kana kwamba mna basi la kuwahi: kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Katibu amenipa karatasi yenye vichwa saba vya habari na kuniomba nivifuate kwa mpangilio. Nitajaribu.

Naanza na mashine, maana bila mashine tunabaki kuangalia picha za majalada. Mtakumbuka Februari mwenzetu mmoja aliletewa na shemeji yake gramafoni kutoka Marekani, nzuri, ya mbao, mkono mrefu. Tukatafuta transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110, tukawasha, tukamweka Chuck Berry. Akaimba kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane kujibu kesi. Tulilaumu santuri, tukalaumu sindano, mzee mmoja akamlaumu Chuck Berry mwenyewe. Kumbe shida ilikuwa ukutani. Mota za aina ile huzunguka kwa kufuata mapigo ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50, na transfoma hushusha volti tu, mapigo haiyagusi. Kwa hiyo santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa inakwenda 37 na nusu, na LP, yaani santuri kubwa, ya 33 na theluthi iko chini ya 28.

Fundi mmoja wa kukereza vyuma pale Mwanjelwa, ambaye hajawahi kugusa santuri maishani mwake, alitusikiliza bila kucheka, akapima puli ya mota, akakereza nyingine yenye kipenyo kilichozidi ile ya zamani kwa moja ya tano. Kabla chai haijapoa, Chuck Berry alikuwa ameamka. Fundi alikuja kikao cha Machi kukagua kazi yake, akakaa hadi mwisho, na leo ni mwanachama mwenye kadi. Naomba tumpigie makofi.

Vikao vya kusikiliza vilikuwa kumi na kimoja; cha Agosti tulikiahirisha kwa msiba. Kilichonikaa moyoni ni cha Mei, tulipoweka kazi za Sun Records, ile studio ndogo ya Sam Phillips mjini Memphis. Mzee wetu aliyepiga dramu enzi za bendi za jazi aliuliza: "Huyu mpiga ngoma ni nani? Ana mkono mwepesi." Tukatazamana. Kwenye santuri ile ya kwanza ya Elvis Presley, iliyorekodiwa Julai 1954, hamna ngoma kabisa. Wako watu watatu: Elvis na gitaa la kukung'uta, Scotty Moore na gitaa la umeme, na Bill Black na besi kubwa ya kusimama. Bill Black huvuta nyuzi na kuziachia zichape ubao, kisha kiganja kinazigonga tena. Hiyo ndiyo "ngoma" aliyoisikia mzee. Halafu kuna mwangwi: Phillips alikuwa na mashine mbili za tepu, sauti ikapitishwa ya pili na kurudi imechelewa kidogo mno, ndiyo maana kila neno linaonekana kukanyagwa na kivuli chake.

Hapo ndipo rokabili ilipochukua umbo, pale muziki wa Wazungu wa mashambani ulipokutana na bluzi za Weusi chumbani kwa Phillips. Na msisahau upande wa kwanza wa santuri hiyo ni utunzi wa Arthur Crudup, mpiga bluzi Mweusi aliyeurekodi mwenyewe 1946, akafa 1974 akiwa bado anadai haki zake. Phillips yeye alimuuza Elvis kwa kampuni ya santuri ya RCA Victor mwishoni mwa 1955 kwa dola 35,000. Wanamuziki wetu wastaafu waliokuwepo kikaoni walitikisa kichwa tu. Hadithi ya Crudup hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mimi nasema wazi, na katibu andika: rokabili inaipita rokenroli iliyofuata. Watu wachache, vyombo vichache, hakuna pa kujificha. Katibu anampigania Little Richard, na kila nikisikia piano ile nakiri kuwa hoja yake ina uzito, lakini kiti ni changu.

Mambo ya muziki wa gereji. Neno lenyewe lilituchekesha, kwani kwetu gereji ni pale unapoiacha gari asubuhi ukaikuta jioni imefunguliwa zaidi. Huko Marekani ya miaka ya 1960 vijana walifanyia mazoezi kwenye banda la gari la mzazi, vyombo vya bei nafuu, akodi tatu, kelele nyingi. Tulisikiliza The Kingsmen wa Portland, waliorekodi mwaka 1963 wimbo wa Richard Berry kuhusu baharia anayemsimulia mhudumu wa baa habari za mpenzi wake. Mwimbaji anaingia mapema baada ya gitaa, anagundua, ananyamaza, mpiga dramu anamfichia aibu. Kosa likabaki hivyo hivyo kwenye santuri. Maneno yake hayasikiki vizuri hadi FBI wakauchunguza wimbo kwa zaidi ya miaka miwili wakitafuta matusi, wasiambulie kitu. Mama mmoja wa Mafinga aliuliza kama mshahara wa wapelelezi hao ulikuwa mzuri.

Wapo wanachama walioniandikia kwamba muziki wa namna hii ni uchafu, eti chama kirudi kwenye rumba na muziki wa dansi. Rumba haijaondoka, ina vikao vyake vinne kama kawaida. Ila niwakumbushe ya mwaka 1951, bendi ya Ike Turner ilipokwenda kurekodi kwa huyo huyo Phillips, spika ya gitaa ikawa imeharibika njiani. Walijaza karatasi ndani, wakarekodi, na mkoromo ule ndio watu wanaouhusudu mpaka leo. Aliyewahi kutengeneza redio kwa njiti ya kiberiti hawezi kuuita huo uchafu.

Sasa niseme la aibu, na ni langu. Juni nilitumia fedha za chama kununua LP ya kwanza ya The Sonics wa Tacoma, iliyotoka 1965 kwa lebo ya Etiquette. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniapia kwamba ni chapa ya kwanza, na bei ilikuwa ya chapa ya kwanza. Nyuma ya jalada kulikuwa na stika ndogo ya duka. Nikaiona kama pambo. Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeibandua kwa ukucha, chini yake kuna barkodi. Barkodi zilianza kutumika madukani mwaka 1974. Santuri ya 1965 ingeipata wapi?

Nimerudisha tofauti ya fedha kwa mweka hazina kutoka mfukoni mwangu, risiti iko kwenye faili. Kuanzia sasa hakuna ununuzi wa chama bila watu wawili kukagua: stika zote zibanduliwe, na namba zilizochorwa kwenye ukingo ule mtupu karibu na lebo zisomwe kwa tochi. Lakini msinielewe vibaya kuhusu chapa za marudio. Bila ile seti ya LP mbili aliyoikusanya Lenny Kaye mwaka 1972, Nuggets, nyimbo nyingi za gereji zingebaki kwenye maboksi ya vijijini huko kwao. LP yenyewe ya Sonics tunaipiga kila mwezi na inanguruma vizuri sana. Nilichouziwa ni uongo; muziki haukuwa na kosa.

Nakuja kwenye jambo ninaloomba mlijadili leo. Tumehangaika na Memphis na Tacoma, na gereji kubwa kuliko zote ilikuwa hapo jirani, ukivuka Tunduma. Miaka ya 1970 vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya shaba, walichukua gitaa la mkoromo na kulichanganya na midundo yao. WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family. Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na studio zikapata kazi. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, yaani Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones, aliyekwishavaa irabu zetu za Kibantu. Bei ya shaba ikaanguka, kaseti za wizi zikaja, Ukimwi ukachukua wengi wa wanamuziki wale. Jagari aliishia kuchimba vito hadi wakusanyaji wa ng'ambo walipomtafuta, na bendi ikarudi kutoa albamu mpya mwaka 2023.

Santuri za asili za Zamrok, ndio muziki huo wa Kizambia, leo Ulaya zinauzwa bei ambayo sitaitamka mbele ya mweka hazina. Sisi tunakaa juu ya reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Kapiri ni mlango wa kwenda Copperbelt. Wafanyakazi wa reli walikwenda na kurudi kwa miaka na miaka. Wengi wamestaafu hapa Iyunga, Makambako, Tunduma. Desemba nilipita nyumba tatu tu za wastaafu. Kwa mmoja nilikuta santuri nne za Kizambia, mbili zikiwa zimewekewa vyungu vya maua. Mama mwenye nyumba alinipa zote bure, akataka nirudishe vyungu! Naomba kamati ndogo ya watu watatu, nauli, na daftari la kuandikia wazee wanakumbuka nini. Tusinunue kwa ujanja. Mwenye mali aambiwe thamani yake kwanza.

Utunzaji, kwa kifupi kwa sababu mmechoka. Mvua za Machi zilileta ukungu kwenye majalada kumi na tano, hasa ya wenzetu wa Tukuyu. Santuri zisimame wima, kabati lisiguse ukuta. Na mwanachama aliyesafisha kwa spiriti santuri ya zamani ya mizunguko 78 ajue sasa kilichotokea: zile za 78 zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha. Zile ndizo sahani alizorekodia Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, Elvis hajazaliwa. Maji safi na kitambaa, basi.

Fedha atasoma mweka hazina. Nitasema tu kwamba ada za wanachama tisa hazijaingia na mmoja wao ndiye anayelalamikia sukari ya chai.

La mwisho. Kile kidude cha plastiki cha kuzibia tundu kubwa la santuri za 45 hakijaonekana tangu Novemba. Bila hicho santuri inayumba na Jerry Lee Lewis anaimba kama amelewa. Aliyekichukua akiweke juu ya spika wakati wa chai. Mimi nitakuwa nje.