Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumehangaika na jambo moja kuliko mengine yote: mtu mzima mwenye ulemavu wa akili aulizwe yeye, ajibu yeye.

Nilimsindikiza mwenzetu mmoja kufungua akaunti ya benki. Karani alinitazama mimi: "Anataka nini?" Nikanyamaza. Mwenzetu, kitambulisho mkononi, akajibu kwamba anataka pa kuwekea mshahara wake. Karani akanigeukia tena, akadai sahihi ya mlezi. Tulikwenda mara tatu. Mara ya tatu alitia sahihi mwenyewe, herufi moja moja, foleni ikisubiri.

Hakuomba fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 12, unampa uwezo wa kisheria, yaani wa kujiamulia na kutia sahihi mambo yake, sawa na mtu mwingine yeyote, na unaitaka serikali impe msaada wa kuutumia. Kumsaidia mtu aamue ni tofauti kabisa na kumwamulia. Peru ilibadili sheria zake kwa msingi huo mwaka 2018, Kolombia mwaka 2019, Hispania mwaka 2021.

Wazazi mmeniuliza, wengine kwa machozi: nikifa, nani atamkinga na matapeli? Hofu hiyo naiheshimu. Lakini hati ya ulezi, inayompa mtu mwingine mamlaka ya kumwamulia, nayo imewahi kutumiwa na ndugu wa damu kuuza urithi wa mtu bila yeye kujua. Mimi naona usalama zaidi kwa wasaidizi aliowachagua mwenyewe, wakikaguliwa mara kwa mara na chombo huru, kama ibara hiyohiyo inavyotaka.

Polisi ndiko kunakoninyima usingizi. Wengi wa watu wetu wamelelewa kumkubalia mkubwa. Muulize, "Ulikuwepo?" ataitikia ndiyo, muulize, "Hukuwepo, sivyo?" ataitikia ndiyo vilevile. Maelezo ya namna hiyo yakishaandikwa, kuyafuta mahakamani ni kazi ngumu. Ndiyo maana wanaojitolea wetu wakifika kituoni huomba kwanza maswali mafupi, yasiyomwekea mtu jibu mdomoni, na muda wa kufikiri.

Hesabu atazisoma mhazini.

Kamati inapendekeza nafasi mbili za uongozi zishikwe na wanachama wenye ulemavu wa akili wenyewe. Karatasi za kura zina picha na maneno machache. Anayetaka kusomewa amchague wa kumsomea, na sisi wengine tukae mbali na karatasi yake.